Nzi Laini wa Mto Gura

Kila mwaka, kabla ya harambee yetu ya Desemba, kamati hutenga kurasa chache za kijitabu hiki kwa ajili ya historia ya nyumbani. Tumekwisha kuandika kuhusu barabara, kuhusu kiwanda cha majani chai na kuhusu shule yetu ya msingi. Safari hii tumechagua kitu kidogo kinachoweza kukaa juu ya ukucha: nzi bandia wa kuvulia samaki aina ya trauti. Baadhi yenu mtacheka. Hata kwenye kikao cha kamati watu walicheka jambo hili lilipotajwa mara ya kwanza. Lakini katika bajeti ya mwaka huu, iliyochapishwa ukurasa wa mwisho, kuna fungu linalohusu nzi hao, na ni haki ya kila mwanachama kujua anaombwa fedha kwa sababu gani.

Samaki wa wageni

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa Mto Gura. Unaanzia juu katika safu ya Nyandarua, unaanguka kwenye maporomoko marefu ndani ya msitu, kisha unashuka kwa kasi kati ya mashamba ya majani chai hadi unapoungana na maji ya Sagana, ambayo mbele yanaitwa Tana. Maji yake ni ya baridi hata jua la Februari likiwaka. Wengi wetu bado tuna makovu ya magoti tuliyoyapata kwenye mawe yake.

Ambalo wengi hatukufundishwa shuleni ni kwamba mto huu una nafasi yake katika historia ya samaki wa Kenya nzima. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan, yule aliyepata jina kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Kairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa la Loch Leven, Uskoti. Vifaranga wa mayai hayo wakatiwa katika Mto Gura. Yai la trauti lililokwisha kurutubishwa huweza kuishi kwa wiki kadhaa likiwekwa mahali penye baridi na unyevunyevu, na ndiyo maana liliweza kuvuka bahari. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na kutoka hapo mizigo ilipanda milimani kwa mabega ya watu na migongo ya wanyama. Miaka mitano baadaye, mwaka 1910, akaletwa trauti wa pili, yule mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni. Huyu alitoka Afrika Kusini, ingawa asili yake ni mito ya magharibi mwa Amerika Kaskazini. Baadaye, mwaka 1948, serikali ya kikoloni ikaanzisha kituo cha kuzalisha trauti pale Kiganjo, na kutoka hapo vifaranga wakapelekwa kwenye mito ya Mlima Kenya na ya Nyandarua.

Hakuna guka wetu aliyeomba samaki huyo. Jamii yetu kwa desturi haikula samaki. Cucu mmoja wa ukoo wetu, hadi alipofariki, alimhesabu samaki pamoja na nyoka, na sufuria iliyopikiwa samaki hakuigusa tena. Kwa hiyo trauti alipoingia mtoni aliingia kama mgeni wa wageni. Walowezi, maafisa wa serikali na watalii walimvua kwa leseni, kwa ufito mrefu na mshipi mzito, na kwa kawaida iliruhusiwa nzi bandia peke yake. Mvulana wa kwetu aliyeonekana mtoni na ndoana yenye nyungunyungu alikuwa mwizi. Mvulana huyohuyo akibeba mfuko wa mzungu alikuwa mfanyakazi mzuri.

Binti mfalme Elizabeth na mumewe walipokuja Nyeri mwanzoni mwa Februari 1952, walifikia kwenye nyumba ya Sagana iliyojengwa kando ya mto wa trauti, na hapo ndipo alipopata habari kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo ikatangazwa Hali ya Hatari, na msitu huo wenye mito ya samaki ukawa uwanja wa vita na kaburi la wengi wa jamaa zetu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa trauti, mgeni alikuja na mwenyeji hakupona. Tunaliandika hili mapema ili mtu asidhani kwamba tumesahau.

Nzi laini ni nini

Trauti hula hasa wadudu. Chini ya mawe ya mto wenye maji safi huishi mabuu ya aina nyingi ya wadudu wadogo. Ukiinua jiwe utawaona wakikimbia upande wa kivuli. Wakati ukifika, buu huacha jiwe, hupanda hadi juu ya maji, huchanika ngozi na kutoka akiwa na mabawa. Katika safari hiyo fupi ya kupanda hana ulinzi wowote. Amelegea, miguu inacheza, mkondo unambeba. Trauti hukaa nyuma ya jiwe, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akimsubiri.

Kazi ya nzi bandia ni kumdanganya trauti kwamba mlo huo umefika. Njia za kumdanganya ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kufunga nzi mgumu, mwenye manyoya ya jogoo yaliyosimama kama miiba, ili aelee juu ya maji kama mdudu aliyekwisha kuota mabawa. Ya pili ni nzi laini. Huyu mwili wake ni wa uzi wa hariri, sufu au manyoya ya sungura yaliyosokotwa, na shingoni amezungushiwa unyoya mmoja laini wa ndege kama kwale, ambaye nyumbani tunamwita ngware. Mwili wake hunywa maji na kuzama kidogo. Unyoya ule hulala na kuinuka kila mkondo unapougusa, mithili ya kitu kinachopumua. Hafanani sana na mdudu yeyote mmoja. Anachoiga ni ule uhai, yaani kule kulegea na kucheza kwa buu anayepanda. Wavuvi wengi huamini pia kwamba samaki akiuma kitu laini hukikaa nacho mdomoni nukta moja zaidi kabla ya kukitema, na nukta hiyo moja ndiyo anayoihitaji mvuvi.

Nzi huyu ni wa zamani sana. Mwandishi wa Kirumi Aelian, kiasi cha miaka 1,800 iliyopita, aliandika kuhusu watu wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuifunga manyoya mawili ya jogoo, wakavulia samaki wa madoadoa. Mwaka 1496 huko Uingereza kilichapishwa kitabu cha uvuvi ambacho kwa desturi huhesabiwa kuwa cha mtawa Juliana Berners. Ndani yake mna nzi 12, na miili ya wengi wao ni ya sufu. Lakini mahali ambapo nzi laini alipata tabia yake kamili ni kaskazini mwa nchi hiyo, katika mabonde ya Yorkshire na mipakani mwa Uskoti. Mito ya huko inafanana na yetu. Inashuka kutoka milimani, ni ya kasi, ina mawe, na chakula hupita mbele ya samaki kwa haraka. Watu wa mashambani walifunga nzi kwa vitu vilivyokuwa karibu nao, kama vile uzi wa kushonea, manyoya ya fuko aliyenaswa shambani, na unyoya wa kwale au wa ndege wa majini. W. C. Stewart wa Uskoti aliandika juu yao mwaka 1857. Mwaka 1885 T. E. Pritt akakusanya nzi wa Yorkshire katika kitabu kimoja, kila mmoja na unyoya wake na uzi wake.

Kusini mwa Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Mito ya huko ni tulivu na maji yake huangaza kama kioo, na kingo zake zilimilikiwa na watu wenye fedha. Mwaka 1886 Frederic Halford alitoa kitabu kuhusu nzi wa kuelea, na kwa miaka mingi baada yake vilabu vya huko viliona nzi wa kuzama ni jambo la aibu, karibu sawa na wizi. Mwanasheria wa London, G. E. M. Skues, alithubutu mwaka 1910 kuandika kwamba samaki wengi wanakula chini ya maji na kwamba mvuvi mwenye akili awafuate hukohuko. Alibishana na wenzake hadi uzee. Huko Marekani, James Leisenring wa Pennsylvania aliandika juu ya nzi wa kuzama mwaka 1941, na Sylvester Nemes akamrudisha nzi laini midomoni mwa watu kwa kitabu chake cha mwaka 1975.

Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu moja. Sisi tulikua tukidhani kwamba uvuvi wa trauti ni mchezo wa matajiri tangu mwanzo. Kumbe nzi laini ni kazi ya watu wa mashambani waliotumia kuku wao na uzi wao. Ukubwa ulikuja baadaye, na kwetu aliyekuja ni yule mkubwa.

Mikono inayofunga

Kuna sehemu ya historia hii ambayo haiko Uingereza wala Marekani. Iko Nairobi na katika miji mingine ya nchi hii. Kwa miaka mingi sasa Kenya imekuwa miongoni mwa nchi zinazofunga nzi bandia kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Marekani. Ufundi huo ulianza zama za walowezi, waliohitaji nzi kwa mito ya hapa, ukaendelea na kukua baada ya wao kuondoka. Mvuvi anayesimama leo katika mto wa Yorkshire anaweza kuwa ameshika nzi aliyefungwa na mwanamke wa Kenya.

Kazi yenyewe ni hivi. Ndoana inashikwa na jiliwa dogo lililofungwa ukingoni mwa meza. Uzi mwembamba kama wa buibui unazungushwa kuanzia karibu na jicho la ndoana kwenda nyuma. Nyenzo za mwili zinafungwa, zinarudishwa mbele, kisha unyoya unashikwa kwa ncha, unazungushwa, na fundo linamaliza kazi. Nzi huhesabiwa kwa dazeni, na wote 12 lazima wafanane. Mkono usiotulia haulipwi. Sisi tunaofanya kazi ya hesabu tunajua kwamba ukichambua gharama za kitu hiki utaona ndoana, uzi na unyoya ni senti chache tu. Thamani yote iliyobaki imo vidoleni.

Katika vidole hivyo mna vya kwetu. Wanachama wetu kadhaa, wengi wao akina mama, wamefanya kazi hiyo katika karakana za mjini. Wamesomesha watoto kwa nzi. Mmoja wao, ambaye ametuomba tusitaje jina lake, ameifanya kwa miaka 17, na ndiye aliyetufungua macho. Tulimwuliza katika mkutano wa tawi la Nairobi: mama, samaki huyu unayemtengenezea chakula anafananaje? Akajibu kwamba hajawahi kumwona. Amezaliwa kilomita chache kutoka Gura, amefunga nzi wasiohesabika, na hajawahi kuona hata mmoja akiliwa.

Siku moja mtoni

Ndipo Januari mwaka huu, maji yakiwa yametulia baada ya mvua za vuli, watu sita wa kamati tulilipia vibali na kushuka mtoni pamoja na mama huyo. Tulimwomba guka mmoja wa kijiji cha juu atuongoze. Anakaribia miaka 80. Alipokuwa mvulana, baada ya Hali ya Hatari kwisha, alibeba mifuko ya wavuvi wa kizungu, na baada ya miaka michache alikuwa akiwaonyesha samaki walipo. Mmoja wao alipoondoka nchini alimwachia ufito, nao bado anao, umefungwa waya mahali ulipopasuka.

Mama alikuja na kisanduku cha nzi alionunua kazini. Guka alivaa miwani, akamchukua mmoja wa wale wa kuelea, akamgusa kwa kidole.

"Huyu amesimama kama mswaki," alisema. "Mto wetu una haraka, mama. Samaki wa hapa hana muda wa kutazama mswaki ukipita juu yake. Anataka kitu kinachotembea."

Mama hakukasirika. Alitoa jiliwa lake mkobani, akalifunga ukingoni mwa benchi la kibanda cha chai kilicho karibu na daraja, akauliza guka anataka nini hasa. Guka akaomba unyoya wa kuku jike, wa shingoni, ule wa rangi ya udongo wenye madoa. Mwenye kibanda akamkamata tetea wake kwa malalamiko ya pande zote mbili, ya mwenyewe na ya kuku. Mama akafunga mwili wa uzi wa rangi ya chungwa, akaukwaruza kwa manyoya machache ya sungura, akaanza kuzungusha unyoya. Alipofika mzunguko wa tatu guka akamshika mkono.

"Miwili inatosha. Ukijaza, atakuwa mswaki tena."

Kazini, mama alituambia baadaye, agizo husema mizunguko mingapi nawe unafuata. Hakuna anayekueleza kwa nini.

Tuliteremka hadi mahali mto unapopinda. Guka alisimama juu kidogo ya jiwe kubwa, akatupa mshipi kwa mshazari, kuvuka maji na kuelekea chini, kisha hakufanya kitu. Hakuvuta wala hakutingisha. Aliuacha mkondo uushike mshipi na kumpitisha nzi polepole kutoka upande ule hadi upande huu, kama mlango unaojifunga wenyewe. Alirudia hivyo akishuka hatua moja kila mara. Akatueleza kwamba mwisho wa mzunguko ule, nzi anapoacha kwenda upande na kuanza kuinuka, ndipo samaki anapoamini. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya saba pia hakuna kitu, na mmoja wetu alikuwa ameanza kuangalia saa. Kisha mshipi ukakaza.

Hakuwa samaki mkubwa, shubiri moja na vidole viwili. Alikuwa wa kahawia, mwenye madoa mekundu yaliyozungukwa na weupe. Yawezekana damu yake ni ya wale wa 1905. Guka alilowesha mkono kwanza ili asimchubue, akamshika ndani ya maji, akamwita mama. Mama aliinama, akamtazama yule nzi wake aliyekwama pembeni mwa mdomo, amelowa, amelala, hana umbo lolote tena.

"Miaka 17," alisema. "Kumbe ndiye huyu."

Guka akamtoa ndoana, akamwachia samaki aende. Sisi wengine tulikaa kimya kidogo. Watu wawili wa kijiji kimoja walikuwa wamebeba nusu mbili za ufundi mmoja kwa miaka yote hiyo, mmoja akijua kumfunga nzi na mwingine akijua kwa nini, na hawakuwahi kukutana.

Tulipokuwa tukipanda, guka alitusimamisha mara tatu. Mara ya kwanza alituonyesha mahali palipokuwa na kina cha mtu mzima, na sasa pamejaa mchanga hadi magotini. Mara ya pili alituonyesha shamba lililolimwa hadi kwenye maji yenyewe, bila hata hatua moja ya majani. Mara ya tatu alionyesha safu ya mikaratusi iliyopandwa ukingoni. Hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba zamani angetupa mshipi mara tatu.

Kwa nini tunaomba fedha

Trauti hustawi kwenye maji ya baridi, na maji yakizidi nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika. Hutaga mayai kwenye changarawe safi. Tope likiifunika changarawe, mayai hukosa hewa na kufa. Wadudu anaowala nao huishi kwenye mawe safi, si kwenye matope. Kwa hiyo samaki huyu anatufanyia kazi ya ukaguzi bila malipo. Akiwepo, maji ni ya baridi na safi. Akitoweka, hesabu za mto zina kasoro, hata kama maji bado yanaonekana mengi. Na maji hayohayo ndiyo tunayochota, tunayonyweshea ng'ombe, na yanayoendelea chini kwa jirani zetu.

Hatusemi kwamba trauti ni malaika. Ni mgeni, na ni mla wenzake. Anapotiwa mahali pasipo pake huwamaliza viumbe wadogo wa mto. Kwa sababu hiyo hatuombi senti yoyote ya kumpeleka kwenye kijito ambacho hayumo. Tunazungumza juu ya mto ambao amekwisha kukaa kwa zaidi ya miaka 100.

Fungu lililomo kwenye bajeti lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kitalu cha miche ya miti ya asili kwa ajili ya kingo za mto, kuanzia daraja kwenda juu, kwa makubaliano na wenye mashamba. Hatutamng'olea mtu mikaratusi yake. Tutampa miche, na tutazungumza. Ya pili ni kukarabati chumba kimoja kisichotumika karibu na shule, tuweke meza ndefu, taa nzuri na majiliwa, ili vijana wafundishwe kufunga nzi. Mama wetu amekubali kufundisha wakati wa likizo. Guka amekubali kuwapeleka mtoni, ili kila anayejifunza kuzungusha unyoya aone pia kinachotokea majini. Tunataka ajue kwa nini ni mizunguko miwili.

Baadhi ya wanachama waliuliza kama si afadhali fedha zote ziende kwenye tangi la maji la zahanati. Swali hilo ni la haki. Tangi linabaki kuwa fungu la kwanza na kubwa kuliko yote, na halitaguswa. Fungu la mto na nzi ndilo dogo kuliko yote kwenye orodha. Tumeweka pia sharti: baada ya miaka miwili kamati italeta mbele ya mkutano mkuu hesabu kamili ya miche iliyoishi, vijana waliojifunza na nzi waliouzwa. Ikiwa hesabu hizo hazitaridhisha, fungu litafungwa na majiliwa yatauzwa. Kazi yetu ya mjini imetufundisha kutopenda miradi isiyo na mwisho.

Hatuahidi kwamba kijana atatajirika kwa nzi. Tunachojua ni kwamba kazi hii inahitaji meza, mwanga na mikono iliyotulia, na kwamba inaweza kufanywa nyumbani badala ya kufuatwa mjini. Tunajua pia kwamba kuku wa unyoya ule wako kila boma.

Guka hakutuomba kitu chochote siku ile ila kimoja. Aliomba yule nzi. Mama alimfunga kwenye utepe wa kofia yake, na tumesikia kwamba huenda naye hata kanisani. Ufito ule wenye waya ameahidi kuuleta kwenye chumba kile siku kitakapofunguliwa, ukae ukutani, lakini kwa sharti kwamba uwe unateremshwa na kutumiwa.

Samaki aliletwa kwetu bila sisi kuulizwa. Safari hii tunaulizwa, na majibu yatatoka mifukoni mwetu wenyewe. Fomu ya ahadi imo katikati ya kijitabu. Tafadhali ijaze, andika kiasi ulichojaliwa, na umpe mweka hazina wa tawi lako kabla ya siku ya harambee. Kila ahadi itapewa stakabadhi.

Mgeni alikuja. Sasa mwenyeji naye apone.